Bi Karani wa Namba ya Maji

Niliondoka Masasi asubuhi moja ya msimu wa korosho, bila kuaga na bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa stendi nikila kiporo cha muhogo. Lori likasimama, utingo akauliza nani ana mikono ya kushusha magunia bandarini. Mimi nilikuwa nayo miwili, nikapanda. Hivyo ndivyo nilivyofika Mtwara mara ya kwanza, na karibu kila mahali nilipowahi kufika nilifika kwa njia hiyo hiyo: mtu kauliza, na mimi niko karibu.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala nyumbani hapakuwa na shida kubwa kuliko za wengine. Nilichoka kukaa. Lakini kuuliza sikuchoka, na kuuliza ndiko kulikonikutanisha na Bi Karani.

Tulikuwa tumemaliza kushusha, nikawa nazunguka Chikongola kutazama maduka. Kwenye kibanda cha fundi simu alisimama mwanamke mzee, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, amepakata kompyuta kama mtu aliyembeba kuku mgonjwa.

"Bibi, hii imezeeka," fundi alikuwa akimwambia. "Itupe ununue nyingine."

"Hata mimi nimezeeka, njomba. Nitupe pamoja nayo?"

"Tatizo lake hasa ni nini?"

"Kitufe kimoja kimekufa. Hiki, cha mstari uliosimama."

"Hicho hakuna mtu anayekitumia."

"Mimi nakitumia kila dakika."

Sikuweza kujizuia. Nikauliza kile kitufe kina kazi gani. Alinitazama kwanza miguuni, kwenye vumbi la magunia, ndipo akapandisha macho. "Kinachukua alichosema huyu, kinampelekea yule."

"Kama mshenga?"

"Kama mshenga asiyeongeza lake," akasema, kisha akamgeukia fundi. "Unaona? Mpakuzi huyu kaelewa, wewe mwenye kibanda unaniambia nitupe."

Kitufe kilipatikana, kimetolewa kwenye kompyuta nyingine iliyokufa. Nikambebea mashine yake mpaka nyumbani kwake Shangani, si kwa wema tu bali kwa kuwa nilitaka kumwona huyo mshenga akifanya kazi.

Wote walimwita Bi Karani, na mimi sikuwahi kumwita vinginevyo. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka katika ofisi ya wakala mmoja wa forodha jirani na bandari, akiandika kipi kimeingia melini na kipi kimebaki gatini. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta ya kizamani isiyo na picha hata moja, kioo cheusi tu chenye herufi. Wenzake waliikimbia. Yeye aliipenda kwa sababu, alisema, ni mashine pekee aliyowahi kukutana nayo ambayo kitabu chake kilikuwa ndani yake yenyewe. Ukitaka kujua neno fulani linafanya nini, unaliuliza, linakufungulia ukurasa. Niliposikia hivyo moyo wangu ulicheka. Hatimaye palikuwa na shule isiyouliza cheti.

Alipostaafu alinunua kompyuta yake, akafungua dirisha jeusi kama lile la ofisini, na humo ndani akaandika Namba ya Maji.

Niieleze, maana mtu asiyejua mto wetu hawezi kuona kilichomnyima Bi Karani usingizi. Pantoni la Ruvuma kule Kilambo halivuki mpaka bahari ipande mtoni. Maji yakitoka, mto unakuwa mafungu ya mchanga na vijito kati yake, na pantoni linabaki limekaa. Mtu wa Mtwara mwenye mzigo wa kuvusha, au mama wa ng'ambo, upande wa Msumbiji, aliyekuja hospitali, akifika saa mbaya anakaa juani nusu siku, au anaingia topeni na mzigo kichwani. Kitabu cha maji cha bandari kipo, ila kinasema maji ya bandari. Maji ya kwenye kivuko yanachelewa, na yanachelewa kadiri mchanga ulivyolala mwaka ule. Kwa hiyo Bi Karani alikuwa na mwanamke mmoja muuza chai pale kivukoni, aliyekuwa akitazama nguzo ya mkoko na kumwandikia neno moja tu, "yamejaa." Bi Karani alilinganisha na kitabu, akapata tofauti, akaiweka kwenye faili lake. Ukiiandikia Namba ya Maji kwenye simu ukauliza habari ya kivuko, ilikutafutia siku yako katika faili, ikaongeza ile tofauti, ikakujibu.

"Uongo wa nusu saa unamlaza mtu kwenye tope," alizoea kusema. Hicho ndicho alichokiogopa. Kuharibikiwa na mashine hakukumsumbua, wala kuchekwa. Aliogopa mtu amwamini, aondoke nyumbani, afike akute mchanga.

Mtambo wenyewe ulikuwa wa vipande vidogo. Kila kipande alikiita kazi, na kila kazi ilikuwa na jina lake la Kiswahili, na kati ya moja na nyingine alisimama yule mshenga, mstari uliosimama. Kazi ya kwanza ilikwenda kuchukua ujumbe mpya. Ya pili ilisoma neno ikachagua iitwe kazi ipi. Ilikuwapo kazi iliyoitwa maji, na nyingine kivuko, na ya mwisho ilirudisha jibu kwa mwenyewe. Kisha mashine ililala sekunde chache, ikaamka, ikaanza tena. "Kazi moja, jina moja," alinifundisha. "Ukitaka kueleza kazi yako ukajikuta umesema 'na', ujue hapo ni kazi mbili. Ikate." Nilipouliza kama mashine haitakataa majina ya Kiswahili alinishangaa. "Mashine haijali unaiitaje. Inajali ukifungua mabano uyafunge."

Kabla ya kuandika chochote kwenye kompyuta alikiandika kwa penseli kwenye daftari kubwa la ofisi, akakisoma kwa sauti kama anayesoma orodha ya mzigo, kidole juu ya kila mstari. Ukimsemesha wakati huo aliinua kidole cha mkono mwingine. Hata jirani aliyepiga hodi alijibiwa kwa kidole. Ndiyo maana nilicheka sana siku mtambo wake uliposhtakiwa kwa kukosa adabu.

Mshtaki alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kijiji kimoja cha kando ya mto, ambacho watu wake asili yao ni Msumbiji. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa mkekani, akanywa maji, akauliza hali ya kila mtu mpaka paka. Ndipo akasema alichokuja nacho.

"Wewe ndiye mwenye Namba ya Maji?"

"Ndiye mimi."

"Nilikuamkia Jumamosi saa mbili asubuhi. Hukuniitikia."

Bi Karani akafungua daftari. "Sikuona swali lako, mama."

"Ningeulizaje swali hujaniitikia?"

Nilimwona Bi Karani akilaza penseli.

"Nimeandika shikamoo," yule mwanamke akaendelea, sauti yake ya chini kabisa. "Nikangoja. Nikasema labda anaoga. Nikaandika hodi. Nikangoja. Nikasema labda kafikiwa na wageni. Maji yakajaa, pantoni likavuka, mimi niko nyumbani kwangu nimeshika simu."

"Ulikuwa na safari ya lazima?"

"Mimi ni kungwi. Mwali wa mdogo wangu alikuwa anatolewa ng'ambo siku ile. Mwali hatoki bila kungwi wake. Ngoma imelala, chakula kimelala, mtoto wa watu kabaki ndani siku nzima nyingine. Wanasema mama mkubwa ana kiburi."

"Mama, nakuomba radhi. Lakini ile ni mashine."

"Nimeambiwa ni mashine. Na mashine yako haijafundwa?"

Mwingine angejitetea. Angesema soma maelekezo, andika neno "kivuko" peke yake, mashine haijui shikamoo. Maelekezo hayo yalikuwapo, na Bi Karani mwenyewe ndiye aliyeyaandika. Lakini yeye alisema, "Haijafundwa. Aliyeizaa ni mimi, kosa ni langu. Umekuja vizuri. Nisaidie kuifunda."

Wakakaa wawili mpaka adhuhuri, kungwi akisema, karani akiandika. Mimi nilichemsha chai na kusikiliza.

"Mtu akisema hodi?"

"Sema karibu."

"Shikamoo?"

"Marahaba. Na usimrukie na maji hapo hapo. Muulize habari za kwao."

"Nikimuuliza habari atanieleza, mama. Mashine haitajua mgonjwa gani amepona."

Kungwi akafikiri. "Basi mwambie: karibu, uliza. Hapo amefunguliwa mlango."

"Na mtu mzima akisema habari za asubuhi?"

"Hiyo mashine ina umri gani?"

"Miezi minne."

"Basi ni mdogo wa wote. Imwamkie."

Ndivyo ilivyoandikwa kazi mpya iliyoitwa salamu, ikawekwa mbele ya nyingine zote. Kwa wiki nzima vibarua wa bandarini waliiandikia Namba ya Maji "habari" bila haja yoyote ya maji, ili tu waamkiwe. Mmoja alinionyesha simu yake akiwa amejaa furaha. "Ona. Shikamoo. Tangu nizaliwe hii ndiyo ya kwanza." Bi Karani hakukasirika. Alisema mtu anayeamkiwa hutembea wima.

Kazi ile ya salamu ilimwaibisha mara moja, na aliisimulia mwenyewe kwa kila mgeni. Alikuwa ameiandika kwamba ikiona neno "salaam" popote katika ujumbe, ijibu "Waaleikum salaam." Imamu wa mtaani, mtu mpole, akaiandikia "Assalaam aleikum." Ikamjibu. Baadaye kidogo yeye naye, kwa adabu yake, akaandika, "Waaleikum salaam, mwanangu." Mashine ikaona salaam. Ikajibu. Imamu akaona ameitikiwa tena, na yeye si mtu wa kuacha salamu ikining'inia. Akajibu. Walikwenda hivyo tangu baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Alipokuja nyumbani alikuwa anacheka huku akijinyoosha dole gumba.

"Bi Karani, mwanao ana adabu kunishinda. Nimemwachia yeye neno la mwisho kwa sababu ya adhana tu."

"Ungenyamaza, shehe."

"Ningenyamazaje naye hanyamazi?"

Alirekebisha papo hapo, imamu akiwa ameketi: mashine iangalie kama salamu ndiyo inayoanza au ndiyo inayoitikia. Mstari mmoja tu. Kisha akamwandalia uji, na nadhani hiyo ilikuwa jioni ya furaha kuliko zote nilizopata kukaa katika ile nyumba.

Alikuwa mtu wa dini, ila dini yake nayo ilikubali marekebisho. Mwanzoni aliiandika Namba ya Maji inyamaze saa ya sala ya Ijumaa. Mfanyabiashara mmoja Mkristo wa ng'ambo, muuza dagaa, alimpigia simu. "Bibi, naheshimu sala yako, lakini mto hausali Ijumaa. Maji yalijaa saa saba kamili na mimi sikujua." Bi Karani alimjibu kwa ukali kwamba angeweza kuuliza asubuhi. Akakata simu. Dakika kumi baadaye nilimwona anafuta ule mstari, midomo imebana. "Ana haki," akasema, kama anayeng'olewa jino. Simu ile ilikuwa bahati ya muuza dagaa, maana Bi Karani mwenyewe alikuwa hapokei simu. Alitengeneza kitu cha kumjibu kila mtu, na simu yake ikilia aliifunika na mto wa kiti.

Kazi aliyoihangaikia kuliko zote iliitwa sijui. Watu wengi walimshauri aiondoe. Mpwa wake aliyesoma Dar es Salaam, alipokuja likizo, alimwambia kuwa watu hawapendi kujibiwa hivyo, mtambo mzuri lazima uwe na jibu. Bi Karani alimsikiliza mpaka mwisho. "Mjomba," alimwambia kwa utani, "bandarini nilifanya kazi na watu waliokuwa na jibu kila siku. Meli ziliondoka na mizigo iliyotakiwa kubaki." Kwake ilikuwa hivi: siku isiyomo kwenye faili, mashine iseme haijui. Neno lisiloeleweka, iseme haijaelewa, iombe mtu aseme tena. Tofauti ya mto ikiwa haijathibitishwa, iseme, "Sijui. Muulize aliyepo mtoni." Alilipima lile jibu kwa siku nyingi, asimvunje mtu moyo wala asimdanganye.

Mimi nilikuja na kuondoka. Nilikwenda Newala nikakaa wiki moja, nikaenda Tunduru kwenye machimbo, Lindi kwenye chumvi, Msimbati nikakaa na wavuvi wa pweza. Kila niliporudi Mtwara nilikwenda Shangani, na kila mara alinipa kazi moja ya kuandika. Ya kwanza yangu ilikuwa ya mistari mitatu, ya kubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo, maana wazee wengi wa vijijini huandika simu zao kwa herufi kubwa tupu. Nilikosea mara kumi na moja. Alinihesabia kwa sauti. Ya kumi na mbili ilipokubali hakunisifu, aliichukua akaiweka mahali pake, na tangu siku ile kila aliyeandika MAJI au Maji au maji alipita kwanza mkononi mwangu. Nimeshusha magunia mengi, nimechimba mashimo mengi. Hakuna kazi nyingine niliyoifanya ambayo iliendelea kufanyika nikiwa nimelala.

Ndiyo maana iliniuma alipokwenda kutibiwa macho Ndanda na kukataa kuniachia Namba ya Maji. Nilikuwapo Mtwara, sina shughuli, nimejitolea.

"Hapana," alisema. "Itakwenda yenyewe."

"Ikikwama je?"

"Ikikwama itanyamaza, na watu watajua imenyamaza. Wewe ukikwama utakuwa umepanda lori."

"Bibi, unaiamini mashine kuliko mimi?"

"Nakupenda kuliko mashine. Kuamini ni habari nyingine. Njomba, hujawahi kukaa mahali nusu mwezi, ukaona maji yakirudi kujaa kwa urefu ule ule."

Ilikuwa kweli. Niliondoka siku ya pili, nikiwa nimenuna, nikaenda mbali kuliko kawaida yangu, na sikurudi kwa miaka miwili.

Mwishoni mwa masika yaliyopita nilikuwa Nanyumbu, nasaidia mtu kuchoma matofali. Jirani yake alitaka kumpelekea dada yake muhogo mkavu ng'ambo, kule karibu na bahari, kupitia Kilambo, akauliza kama kuna anayejua pantoni litavuka saa ngapi. Nikatoa simu kwa majivuno ya mtu mwenye ndugu ofisini. Niliandika shikamoo. Ikaja, "Marahaba. Karibu, uliza." Nikauliza kivuko, kesho. Ikaja, "Sijui. Muulize aliyepo mtoni."

Nilijaribu keshokutwa. Sijui. Nikajaribu wiki ya mbele, ikawa jibu lile lile. Nikajua pana jambo, na nikatafuta gari la kwenda Mtwara.

Nilimkuta amekaa pale pale. Herufi za kwenye kioo alikuwa amezikuza mpaka ilionekana mistari mitano tu kwa wakati mmoja. Jicho moja lilikuwa limesafishwa, la pili alisema bado anajadiliana nalo. Hakuonekana mwenye huzuni. Alinilalamikia kwanza kwamba nimekonda, kisha kwamba sikumletea korosho, na alipomaliza hayo nikamuuliza.

"Mto umehama," alisema. "Mvua zile zimelaza mchanga upya. Watu wawili walifika kivukoni kwa saa niliyowapa wakakuta pantoni limekaa. Mmoja alikuwa na mgonjwa."

"Muuza chai wako hakukwambia?"

"Kaolewa ng'ambo, ndani huko. Sina macho mtoni, na haya yangu unayaona. Nikaiambia iseme haijui. Kila mtu, kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa mwezi. Kisha nitaizima. Kitu kinachosema sijui kila siku si mnyenyekevu tena, ni mzigo kwenye simu za watu."

Aliyasema bila kujihurumia, akinimiminia chai. Nje watu walikuwa wanapita kwenda kupunga upepo, mmoja akamsalimia kupitia dirishani, naye akainua kidole ingawa hakuwa anasoma kitu. Nilitazama kwenye kioo ile mistari mitano. Mitatu kati yake ilikuwa yangu, ya kugeuza herufi.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

"Wapi?"

"Kilambo. Nitazame nguzo."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Wewe?"

"Unataka siku ngapi?"

Akaacha kucheka. Akahesabu kwa vidole, polepole, kama alivyokuwa akihesabu makosa yangu. "Bamvua mbili, maji yakipanda sana, na maji mafu mawili, yakipanda kidogo. Mwezi mmoja wa kuandama, usikose siku. Ukikosa siku moja sitajua kama uliyoniletea ni mto au ni wewe. Na ukiona umeshindwa, usikisie. Niandikie hujui."

"Na baada ya mwezi?"

"Baada ya mwezi mchanga utaanza kusogea tena, njomba. Hausimami. Nenda kwanza."

Hakuniusia zaidi ya hapo. Alinipa saa yake ya mkononi, kwa sababu aliijua inavyokwenda, na penseli mbili. Mlangoni nilimwamkia ingawa nilikuwa nimeshamwamkia nilipoingia, naye akaitikia.

Nilifika Kilambo siku iliyofuata, mchana, nyuma ya pikipiki ya mtu aliyekuwa amebeba mabomba. Maji yalikuwa yametoka kabisa. Pantoni lilikuwa limekaa upande mmoja kama mtu aliyelalia ubavu, na abiria wake walikuwa wametawanyika kwenye vivuli vya makuti wakila miwa. Nguzo ya mkoko ya muuza chai haikuwapo tena, mvua ziliichukua. Nikakata nyingine, nikaichimbia kwenye ukingo, nikachora alama kwa kisu kila urefu wa kiganja. Mvushaji mmoja wa mtumbwi alinitazama mpaka nilipomaliza.

"Unajenga choo?"

"Napima maji."

"Yakikufika kiunoni yamejaa, njomba. Hayana haja ya kupimwa."

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na ukingo ilikuwa ya mama mmoja wa Kimakonde, vyumba viwili na kibaraza, na uani alikuwa ameanika makopa ya muhogo. Nilibisha hodi. Akanikaribisha, akanipa kigoda, nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za nilikotoka, na mimi nikamuuliza za mvua na za shamba. Ndipo akauliza, "Umeachwa na pantoni?"

"Hapana, mama. Sivuki."

"Huvuki? Sasa Kilambo mtu anakuja kufanya nini kama havuki?"

Nikamweleza. Nilipoitaja Namba ya Maji alitoa simu ndogo kwenye mkunjo wa kanga, akaitazama, akaikunja tena bila kuifungua.

"Ile siku hizi inasema haijui."

"Ndiyo, mama. Najua."

"Heri yenyewe inasema. Kuna jirani yangu hapa hajui, na hanyamazi." Akageuza makopa machache upande wa pili. "Chumba kipo, kitanda cha kamba. Dirisha linatazama mtoni, mbu utawavumilia. Siku moja au mbili?"

"Mwezi mmoja," nikasema. Neno lilitoka geni mdomoni, nikalirudia nilisikie vizuri. "Mwezi mmoja kwa kuanzia."

Hakushangaa. Alifagia chumba mwenyewe, akatoa gunia la mbegu na baiskeli isiyo na gurudumu, akafungua dirisha. Kwa mbali, upande wa bahari, ukingo wa mchanga ulikuwa umeanza kung'aa kwa maji. Nikatazama saa, nikaandika kwa penseli, kisha nikafungua begi langu. Miaka yote nguo zangu zimelala humo, zimejikunja kama zilivyotaka. Nikamwomba mama msumari wa kutundikia shati. Alileta miwili, na jiwe la kugongea.